Tanbihi ya Kumi na Nne

Rachel wa ofisini kwetu alinipa kazi hii siku ya kuniaga nikistaafu, mbele ya keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa. "Papa Prof," alisema, "utuandikie vile kazi ilikuwa. Si zile za kwenye ripoti. Zile zingine." Nikasema ndiyo, kama mtu yeyote anavyosema ndiyo akiwa ameshika sahani. Watu walipoanza kutawanyika akanifuata mpaka kwenye ngazi na swali moja dogo. Alikuwa anaandaa somo la watafiti wapya, na alikuwa amechagua ripoti yangu moja ya zamani iwe mfano mwema wa kufuata.

"Huyu mutu wa kuchaji simu, wa tanbihi ya kumi na nne," aliuliza. "Pale kijijini, watu wa kuchaji simu walikuwa wangapi?"

Nilimwambia sikumbuki. Nilikumbuka vizuri. Alikuwa mmoja tu.

Basi hizi ndizo kurasa zenu. Vyeo nimeviacha nje, kwa kuwa vilikuwa vingi kuliko kazi iliyofanyika ndani yake, na mishahara nimeiacha kwa sababu hiyo hiyo iliyogeuzwa. Nitaanza mwanzoni ili msidhani kwamba nilikuwa mtu mbaya tangu siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilikuwa mjinga tu.

Kituo chetu cha utafiti kilikuwa vyumba viwili vya kupanga kule Himbi, mtaa wa hapa Goma, karibu na ziwa kiasi kwamba makaratasi yalikuwa na unyevu mwaka mzima. Nilifika na shahada ya ng'ambo na tasnifu nene kuhusu sera za nje za mataifa madogo. Niliamini kwamba sera ya nje hutengenezwa katika majiji makuu, na watu waliovaa tai, kwenye meza ndefu. Aliyenipokea alikuwa Papa Anselme, mwalimu wa shule ya msingi aliyeacha chaki kwa sababu vita vilikuwa vimemwachia darasa lisilo na paa wala watoto. Hakuwa na shahada. Alikuwa na ramani kichwani, jozi moja ya buti, na kalamu nyeusi ya wino mzito ambayo nitaieleza baadaye.

Aliipima tasnifu yangu mkononi kama mtu anayenunua samaki. "Ni nzito," akasema. "Lakini politique étrangère, hiyo sera yako ya nje, haiko humu. Iko ku bariyeri."

Kesho yake akanipandisha nyuma ya pikipiki tukaelekea Rutshuru. Katika kila bariyeri, kule ambako kamba imefungwa kati ya miti miwili na kijana mwenye bunduki ameshika ncha yake, alinionyesha jinsi ya kusoma: viatu kwanza, kisha lugha ya salamu, kisha anayekuja kuulizwa pale kijana asipojua la kufanya. "Huyo anayeulizwa," alisema, "njo serikali." Yaani, ndiye serikali. Mahojiano yangu ya kwanza yalikuwa na chifu mmoja. Nilitoa karatasi yenye maswali arobaini. Alijibu swali la kwanza kwa saa mbili, akataja mababu wote wa ukoo wake, kisha akaomba radhi akaenda kukamua ng'ombe. Papa Anselme alikunywa kasiksi yake, ile pombe ya ndizi. Tukiwa njiani kurudi alicheka mpaka pikipiki ikayumba.

Vifaa vya kazi vilikuwa vichache. Kaye moja, yaani daftari, ya jalada gumu. Biki tatu, moja ya kuandikia, moja ya akiba, na moja ya kumpa askari atakayeisifu ya kwanza. Hakuna kinasa sauti, hakuna kamera. Majina hayakuandikwa, kila chanzo kilipewa namba, na orodha ya namba na majina alikaa nayo Papa Anselme, ndani ya kichwa chake, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuiba.

Na ile kalamu nyeusi. Kila tuliporudi Himbi alikaa na kaye yangu na kuisoma mstari kwa mstari, akiuliza swali lile lile. Nilikuwa nimeandika, kwa mfano, "mwalimu wa kike wa shule ya pale." Anauliza, "Wako wangapi?" Nasema, wawili. "Futa." Mstari mweusi unapita. "Muuza mbuzi mwenye kilema cha mguu." Wako wangapi? "Futa. Hata mbuzi futa." Alisema chanzo hakina jina, hakina uso, hakina mlango. Ukiandika kitu kinachomwongoza mtu hadi mlangoni, umeshaandika jina, hata kama hukuliandika.

Nilimheshimu kwa hilo. Nilimheshimu jinsi msomi anavyomheshimu fundi, yaani kutoka juu.

Miaka ilipita, nikawa nafundisha pia chuoni, alasiri moja kwa wiki. Niliwafundisha wanafunzi wangu jambo moja ambalo mpaka leo naamini ni kweli, na ndiyo maana linaniuma. Mkisoma ripoti, niliwaambia, anzeni na tanbihi. Maneno ya juu ni nguo. Tanbihi ni mifupa. Mwandishi anaweza kudanganya kwa nguo.

Waliandika hilo kwenye kaye zao. Mmoja, kijana makini wa mstari wa mbele, alilipigia mstari mara mbili.

Sasa nimfikie yule mtu wa simu. Kwenye kaye yangu alikuwa Saba, na nitamwita Saba mpaka nifike mahali pa kumwita vingine. Aliishi katika kijiji cha Rutshuru kisicho na umeme, kandokando ya soko la mbao. Juu ya bati lake alikuwa ameweka paneli ya jua, na ndani ya kibanda kulikuwa na ubao uliojaa nyaya kama mizizi ya mhogo. Raia walileta simu zao hapo. Wapiganaji waliokuwa wameketi kilimani walileta zao hapo pia, kwa kuwa hata mtu mwenye bunduki hawezi kuilazimisha simu iwake. Kila simu alibandika kipande cha plasta na alama anayoijua mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vyembamba na vyepesi. Niliwahi kumwona akichomea waya mwembamba kuliko unywele huku akibishana kuhusu mpira.

Mimi na Papa Anselme tulikaa naye mara tatu. Mara ya kwanza hakusema lolote. Mara ya pili mama yake alitupikia maharage na viazi. Mara ya tatu alifunga mlango wa kibanda nusu, akaketi.

"Prof Déo," alisema, "mutu anaweza kuvaa uniforme ya mwingine. Anaweza kubadilisha jina, kubadilisha lugha. Lakini telefone haijui kuficha. Ukiiwasha tu, inaanza kutafuta rezo ya kwao."

Alikuwa ameona simu zilizotafuta mtandao wa ng'ambo ya mpaka kabla ya kutafuta mwingine wowote. Alikuwa ameona simu mpya zikija zote kwa siku moja, za aina moja, na siku mbili baadaye kilima kikapiga bunduki. Alinipa siku, alinipa idadi, alinipa mpangilio. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi juu ya jinsi nchi zinavyowatumia wapiganaji wa nchi jirani. Hakuna kilichokuwa na ushahidi safi kama ule uliokuwa umebandikwa plasta kwenye ubao wa yule mtu.

Nilimuuliza kwa nini ananiambia.

"Juu wadogo zangu wanachukuliwa kwenda kupigana," alisema. "Na kule mbali wanasema hizi ni ugomvi wa mashamba. Wajue basi." Kisha akaniuliza, "Jina langu halitaandikwa?"

"Halitaandikwa."

"Ukimaliza, uniletee nione."

Alipofungua mlango, shemeji yake alikuwa amesimama nje na simu mkononi. Huyu ni Faustin, mume wa dada yake, mkulima mpole aliyekuja kuchaji kama wengine. Alitusalimu, akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akaweka simu yake kwenye ubao akaenda. Ukimwacha mama yake, hakuna mtu mwingine aliyewahi kutuona tumeketi pamoja. Kumbukeni hilo.

Ripoti niliiandika kwa Kiingereza, maana waliotakiwa kuisoma walisoma Kiingereza. Rasimu ikaenda kwa mhariri wetu kule Ulaya, mtu mwerevu na mwenye adabu ambaye hajawahi kuona bariyeri. Kwenye ushahidi wa simu, ukingoni mwa ukurasa, aliandika: huyu ni nani? Amejuaje? Nguvu ya ripoti nzima iko hapa, ongeza uzito. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi ndiye niliyejibu. Nilitaka sana ile ripoti isimame. Nilitaka, niseme ukweli wote, isimame pamoja nami juu yake. Nikaandika tanbihi ya kumi na nne, ambayo kwa Kiswahili ingesomeka hivi: mahojiano na mtu anayechaji simu za raia na za wapiganaji kwa umeme wa jua, kando ya soko la mbao. Kisha jina la kijiji.

Jina lake halikuwamo. Ahadi yangu niliitimiza neno kwa neno.

Papa Anselme hakujua Kiingereza, nami sikumtafsiria. Aliona tu kwamba ukurasa ule una tanbihi ndefu. "Ulijiuliza wako wangapi?" akaniuliza.

"Papa, hii iko Kiingereza. Nani ataisoma kule kilimani?"

Alifikiri kidogo. "Na wewe, pale chuoni," akasema, "unafundisha nani?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Ripoti ilitoka na ikapokelewa vizuri, jinsi mimi sijawahi kupokelewa hata na mama mkwe. Redio zikaisoma, mabalozi wakaandika, nikaalikwa kwenda kuiwasilisha katika mji mmoja wa mbali. Nilikuwa nakunja mashati siku moja kabla ya safari simu ilipolia. Namba sikuijua. Sauti niliijua.

"Bonjour, Professeur. Hongera."

Alikuwa yule mwanafunzi wangu wa mstari wa mbele. Alikuwa ametoweka chuoni kabla ya kumaliza, na nilikuwa nimesikia tetesi kwamba sasa ni katibu wa wale wa kilimani, anawaandikia matamko.

"Uko wapi?" nilimuuliza.

"Mahali rezo inapatikana," alisema, akacheka kwa adabu. "Nimesoma ripoti yako yote. Ulitufundisha tuanze na tanbihi. Ya kumi na nne ni nzuri sana, Professeur. Imekamilika. Salimia watu wa nyumbani."

Akakata.

Nimesimama mbele ya watu wengi maishani nikaeleza hatari ni nini na dalili zake ni zipi. Siku ile nilisimama mbele ya sanduku na shati mkononi, nikijieleza kwamba kijana amenipigia kunipongeza. Kwamba mwanafunzi akimpongeza mwalimu wake, hilo si onyo. Kwamba nikimpigia Saba nitamtia hofu bure, na pengine simu yake inasikilizwa, kwa hiyo kunyamaza ndio usalama wenyewe. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa na tanbihi. Sababu ya kweli ilikuwa moja. Kumpigia na kumwambia kimbia ilikuwa kukiri kwamba nilimwonyesha, na kesho yake nilikuwa na ndege ya kupanda, upande wa pili wa mpaka, kwenda kusifiwa kwa ripoti ile ile.

Nikamwandikia ujumbe mfupi. Niliandika: Habari za huko?

Akajibu: Nzuri Prof. Mvua tu.

Ninyi ni watu wa hapa, mnajua. Mtu anaweza kuwa amefiwa asubuhi, ukimuuliza habari atasema nzuri, kisha ndipo atakuja kwenye msiba. Kazi yangu nzima ilikuwa kujua kwamba hiyo "nzuri" si jibu, ni mlango tu wa kuanzia mazungumzo. Niliusoma ujumbe ule, nikajiambia kwamba yuko salama, nikafunga sanduku.

Siku ya tatu, nikiwa jukwaani, mtu wa safu ya nyuma aliuliza kuhusu uaminifu wa vyanzo vyangu. Nilijibu vizuri sana, wakapiga makofi. Niliporudi kitini nikakuta ujumbe wa Papa Anselme. Wale wa kilimani walikuwa wamefika kwa Saba. Walivunja paneli, wakachukua simu zote zilizokuwa kwenye ubao, na wakamvunja vidole vya mkono wa kuume, kimoja baada ya kingine, juu ya meza yake ya kazi. Hawakumuua. Walimwambia sasa ataona jinsi ya kuhesabu simu.

Nilikaa huko siku mbili zaidi. Ratiba ilikuwa imeshapangwa.

Nilipomwona tena Saba alikuwa hapa Goma, kwa ndugu yake, mkono umefungwa vipande vya mbao. Nilikuwa nimebeba sukari na sabuni, kama mtu anayekwenda kumwona mzazi. Alinikaribisha. Alisema, kabla sijafungua mdomo:

"Prof, ni Faustin."

Nilimuuliza kwa nini anadhani hivyo, swali la mtafiti.

"Nani mwingine alituona? Wewe ulificha jina langu. Niliuliza watu waliosoma, wakasema jina haliko. Basi ni Faustin. Alikula kwetu, Prof. Mume wa dada yangu."

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema pale. Ilikuwa fupi. Badala yake nilisema, "Pole." Akaichukua kama ushahidi, na kwa nini asiichukue? Mimi nilikuwa mtaalamu.

Papa Anselme hakunikaripia. Nilimweleza yote, kuhusu ile simu ya mwanafunzi pia, akasikiliza huku akitazama ziwa. Mwisho wa mwezi ule nilikuta ile kalamu nyeusi juu ya meza yangu, kifuniko chake kimekazwa. Mwenyewe alikuwa ameaga ofisini amekwenda kulima. Watu walisema ni uzee. Niliwaacha waseme.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeniuliza na ambalo ningeweza kulificha. Katika ripoti iliyofuata niliorodhesha matukio ya ukatili katika eneo lile, na kushambuliwa kwa Saba kulikuwamo, kwenye safu yake, na tanbihi yake chini. Nilimtumia mara ya pili. Safari hiyo niliandika tu "mfanyabiashara". Nilikuwa nimejifunza.

Baada ya hapo kazi iliendelea, na hii ndiyo sehemu ambayo watu huita kilele. Niliketi kwenye meza zile ndefu nilizoziota. Kwenye televisheni waliandika chini ya kidevu changu kwamba mimi ni mtaalamu wa usalama wa kanda nzima. Mtaalamu wa kanda nzima alishindwa kutembea dakika thelathini kutoka Himbi hadi Birere, ambako Saba alikuwa amefungua kibanda kidogo cha kutengeneza simu, kati ya muuza vitenge na muuza misumari, akichomea nyaya kwa mkono wa kushoto aliokuwa ameufundisha upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Si kweli kwamba nilishindwa kufika. Nilifika. Mara nne nilimpelekea simu isiyo na ubovu wowote. Aliifungua taratibu kwa ule mkono, akaitazama, akaifunga. "Haina kitu hii," aliniambia mara ya mwisho. "Labda mwenyewe njo ana kitu." Tukacheka. Nikaenda zangu.

Mama yake, yule wa maharage, alifariki kijijini wakati barabara ilikuwa imefunguka na watu walikuwa wakienda na kurudi. Saba hakwenda kumzika. Si kwa kuogopa wale wa kilimani, maana walikuwa wameshahama. Alisema hawezi kushika jeneza la mama yake upande mmoja na Faustin ameshika upande wa pili. Dada yake aliongoza mazishi bila yeye. Nilipewa habari hiyo na Saba mwenyewe, pale kibandani, na nikasema tena lile neno langu, pole.

Ndipo ikaja siku ya keki, na Rachel kwenye ngazi. Hakuwahi kumwona Papa Anselme. Hakuna aliyemfundisha lile swali. Alilifikia mwenyewe, kwa kusoma tu ukurasa na kumfikiria mtu aliye nyuma yake, na nikamdanganya. Kesho yake asubuhi, mstaafu wa siku moja, nilivaa viatu nikaenda Birere.

"Prof Déo! Telefone imekufa tena?"

"Haijafa. Nina kitu cha kukusomea."

Nikatoa ripoti mfukoni. Alikuwa na simu iliyofunguliwa mbele yake, chuma cha kuchomea kikitoa moshi katika mkono wa kushoto. Nikamsomea tanbihi ya kumi na nne, nikiitafsiri polepole. Ndiyo ile nakala aliyoomba nimletee.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Kando ya soko la mbao," akasema. Aliweka chuma chini. "Ungeandika na rangi ya mulango."

Rangi nilikuwa naikumbuka. Ilikuwa bluu. Sikusema.

Nikamweleza mengine, ile simu ya mwanafunzi, yale mashati. Muuza misumari alikuwa ameacha kuita wateja, nadhani alikuwa akisikiliza. Saba alinitazama usoni muda wote, jambo ambalo sikulitarajia.

"Ulinitumia ujumbe," alisema. "Habari za huko."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na mimi nikakujibu mvua tu." Akatikisa kichwa, kama anayemcheka mtu mwingine, mdogo kuliko yeye. Kisha uso ukabadilika. "Basi si Faustin."

"Si Faustin. Hakusema kitu kwa mtu."

Mteja alifika na simu yenye kioo kilichopasuka, akasimama, akaona hali, akaenda kuangalia vitenge.

"Mutoto wake alipita hapa," Saba alisema. "Mutoto wa dada yangu. Alisimama pale pale unaposimama. Akasema, muyomba, shikamoo. Nikageuza uso nikajifanya natafuta bisibisi." Akanyoosha mkono wa kushoto. "Toa telefone yako. Utamupigia."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Mimi nimupigie nimwambie nini, kwamba Prof amenisomea kitabu? Umwambie wewe. Namba ninayo."

"Sasa hivi?"

"Umengoja miaka yote hii. Unataka nikuletee na chai?"

Nikatoa simu. Ilikuwa imezimika. Sikuwa nimepanga hivyo, naapa, ingawa mtu aliyepeleka simu nzima mara nne kwa fundi hawezi kudai kuaminiwa. Saba aliipokea, akaigeuza, akabandika kipande cha plasta juu yake, akaichomeka kwenye ubao. Kisha akasogeza kigoda kwa mguu.

"Keti. Itachukua kidogo."

Nikaketi. Akaendelea na kazi yake. Wateja walikuja, akawahudumia, akabishana na mmoja juu ya betri bandia, na simu yangu ilikaa pale na plasta yake kama za wengine. Sijui tulikaa muda gani. Nilimwambia nimeombwa niandike juu ya kazi yangu, kwa ajili ya vijana, na kwamba ningependa kuliandika hili akikubali.

"Utaniandika Saba tena?"

"Kwa usalama wako..."

"Usalama!" Alisema kwa sauti kubwa mpaka watu wakageuka. "Ulificha jina, ukaacha mulango wazi. Sasa andika jina. Wale walionivunja mukono, wengine wamekufa, wengine wananiletea telefone hapa, wananiita fundi. Wananijua. Asiyejulikana hapa ni Faustin. Yeye njo anahitaji kuandikwa."

Akachomoa simu, akaibandua plasta, akaandika namba kwa kidole cha kushoto, akanipa ikiwa inaita tayari.

Iliita sana. Nilianza kutumaini, nakiri, kwamba hakuna atakayepokea. Kisha nikasikia kuku, na sauti ya mtu aliyekuwa shambani.

"Allo? Ni nani?"

Nikataja jina langu, lote, na kazi niliyokuwa nikifanya. Nikamwambia siku alipotukuta mlangoni, na nini niliandika baadaye, na nani alisoma, na kwamba nilijua, na kwamba shemeji yake aliamini ni yeye kwa sababu mimi nilinyamaza. Haikuchukua hata dakika mbili. Nilishangaa ilivyokuwa fupi.

Upande wa pili kuku waliendelea.

"Uko naye hapo?" Faustin aliuliza.

"Niko naye."

"Mupe telefone."

Nikampa. Nikatoka nje, nikasimama barabarani kati ya vitenge na misumari, nikiwa na kaye mfukoni na biki mbili. Walizungumza muda mrefu. Kutoka pale niliposimama ningeweza kusikia kama ningesogea hatua moja. Sikusogea, na kilichosemwa sikukiandika, na hamtakipata humu.

Rachel, jibu la swali lako ni mmoja. Hiyo ripoti usiifundishe kama mfano mwema. Na kalamu nyeusi nimeiacha kwenye droo ya meza yangu ya zamani. Wino bado upo, kwa kuwa niliitumia kidogo mno. Itumie. Kisha tafadhali fungua nakala ya maktaba, ukurasa ule, na uandike kwa mkono wako, chini kabisa, hivi:

14. Habari hizi zilitolewa na Muhindo Séraphin, fundi wa simu, sasa wa Birere, ambaye alisema kweli na akaomba jina lake liandikwe. Aliyemwonyesha kwa wapiganaji ni mwandishi wa ripoti hii. Shemeji yake, Faustin, hakumwambia mtu yeyote.